Sahani za Russel Wright: nimezilia wali mwaka mzima

Hapa Columbus, Ohio, joto likianza tu, watu hutandaza vitu vya ndani uani kila Jumamosi wakiviuza: nguo za watoto, baiskeli, masufuria, taa. Wenyewe wanaita yadi seli. Mimi hutoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na kwenda moja kwa moja, sijalala, maana ukifika saa nne wenye maduka ya vitu vya kale wameshapekua kila boksi.

Mwaka jana, chini ya meza, nilikuta sahani sita, bakuli mbili na chombo kirefu kilichokunjwa kingo kama jani la mgomba. Zilikuwa kijivu, marijani, na kijani kile cha ndimu inayoanza kuiva. Wifi yangu akanivuta mkono. "Wifi, twende. Hata rangi hazifanani!" Nikageuza moja. Kitakoni: Russel Wright, Steubenville. Bibi mwenye nyumba alitaka dola 20, akakubali 15, akanifungia kwa magazeti.

Rangi kutofanana ndio mpango wenyewe. Wright, mbunifu wa vyombo wa Kimarekani, alibuni seti hii, American Modern, ili kila mtu achanganye apendavyo, na ukivunja moja usihangaike kutafuta pacha wake. Zilitengenezwa kuanzia 1939 hadi 1959 mjini Steubenville, humuhumu Ohio, kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka kwangu. Leo ziko makumbusho ya sanaa ya kisasa, MoMA, New York. Zangu ziko kwenye karo.

Sahani yake haina ule ukingo mpana bapa. Imejikunja juu kidogo pande zote. Sidhani Wright aliwafikiria walaji wa mkono, lakini katufaa sana: tonge unalisukuma hadi kwenye mkunjo, unalibana pale, na mchuzi wa nazi haumwagiki kwenye kitambaa. Bakuli zina vishikio viwili vifupi. Uji wa moto unashikika. Kile chombo kirefu Wamarekani walikikusudia mabua ya selari. Kwangu kina tende, na mwezi wa Ramadhani hakirudi kabatini.

Ubaya wake, udongo ni laini. Unameguka upesi. Moja niliitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo, kosa langu mwenyewe, ikatoka na pengo. Sasa naosha kwa mkono, na maikrowevu hazioni. Halafu kuna nyufa nyembamba kama nywele kwenye ule ung'aavu wa juu. Rangi za vyombo vya zama zile zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vitu vya uchachu huyatoa, kwa hiyo achari na ukwaju sitii hata kwenye sahani nzima, na yenye nyufa haitiwi chakula tena. Mbili nimezitundika ukutani. Mume wangu kauliza lini nafungua duka. Nimemwambia sisi watu wa Lamu tuna zidaka za kupangia vyombo vya Kichina tangu enzi, na pwani yetu wapo waliotia bakuli hadi kwenye makaburi. Sahani mbili tu zisimtoe roho.

Ukizikuta, pitisha kidole ukingo mzima, kisha gonga kwa kucha. Nzima inalia, yenye ufa inajibu kama kibuyu. Mwenye watoto watundu atafute seti ya Casual, aliyoibuni huyohuyo Wright kwa kiwanda cha Iroquois, ikatoka 1946. Ile ni ngumu zaidi, ingawa kwa umbo sijaipenda hivyo.

Nazipa nne kati ya tano, kwa bei ya uani. Dukani nimeona sahani moja kwa dola 30; kwa bei hiyo ningezipa mbili.

Ninachotafuta bado ni jagi, lile lenye mdomo mpana uliopinda. Mwezi uliopita nililiona, la kijivu, dola 40, mkono wake umeungwa kwa gundi. Nikalirudisha mezani taratibu.