Harpers Ferry: usiishie chini mtoni

Kwa ndugu zetu wanaoishi Washington, Baltimore na kaskazini mwa Virginia, huu ni mji wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Uko kama kilomita 100 kutoka Washington, pale mto Shenandoah unapomwaga maji yake Potomac na mito hiyo miwili kupenya milima ya Blue Ridge. Ukisimama kwenye ncha ya makutano uko West Virginia. Ng'ambo ya Potomac ni Maryland, ng'ambo ya Shenandoah ni Virginia.

Kinachoharibu siku za wengi ni gari. Mji wa chini umebanwa kati ya mlima na maji, na nafasi chache za kuegesha pale stesheni hujaa mapema, hasa wikendi za Oktoba majani yanapobadilika rangi. Usishuke nalo. Fuata barabara kuu ya 340 hadi kituo cha wageni cha hifadhi ya taifa ya kihistoria iliyo hapa mjini, lipa kiingilio (gari dola 20, mtu wa miguu dola 10), liache hapo upande basi la hifadhi, ambalo halina nauli nyingine. Kabla hujapanda, uliza basi la mwisho linatoka chini saa ngapi.

Treni inashawishi, lakini soma ratiba vizuri. MARC, treni ya abiria ya Maryland, ni ya wafanyakazi: asubuhi inaelekea Washington, jioni inarudi, na ni siku za kazi tu. Ya Amtrak, shirika la treni za masafa marefu, inatoka Washington alasiri, na ya kukurudisha inapita kesho yake ikitokea Chicago, mara nyingi imechelewa. Kwa treni, basi, panga kulala.

Huko chini, kila mtu hukimbilia ile nyumba ndogo ya matofali yenye milango mitatu ya tao. Ilikuwa banda la zimamoto la kiwanda cha silaha cha serikali. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859, John Brown, Mzungu aliyepinga utumwa, na wenzake 21, watano kati yao Weusi, waliuvamia mji wakitaka silaha za kuwakomboa watumwa. Tarehe 18 wanajeshi waliuvunja mlango wa banda hilo, alimojifungia Brown, na Desemba Brown akanyongwa Charles Town. Aliyeuawa wa kwanza katika uvamizi huo alikuwa Heyward Shepherd, Mweusi huru, mchukuzi wa mizigo wa reli. Wageni wengi hawajui kwamba jengo hilo limehamishwa mara nne, hata Chicago lilifika, na hapo lilipo leo sipo lilipojengwa. Panda tuta la reli lililo jirani uone nguzo ya jiwe: hapo ndipo penyewe.

Angalia pia alama za mafuriko ukutani. Ya 1936 iko juu kabisa, mwaka ambao mto ulipanda hadi mita 11 na ushei. Ukiiona utaelewa kwa nini viwanda havikurudi. Kuoga mtoni hatushauri: maji yanaonekana ya kina kifupi, lakini yana nguvu, na mguu ukinasa kati ya mawe mkondo unakulaza.

Wenye miguu imara wavuke daraja la watembea kwa miguu lililo ubavuni mwa reli, washuke ngazi upande wa Maryland, wapande Maryland Heights. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 7. Tenga saa tatu na beba maji lita moja na nusu kila mtu, kwa sababu njiani hakuna bomba. Kule juu ni genge tupu, halina uzio. Watoto washikwe mkono.

Sehemu tunayoipa alama za juu, hata hivyo, ni kilimani. Panda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba kandokando ya kanisa la St. Peter's (zikilowa zinateleza), pita Jefferson Rock, ambako Thomas Jefferson, baadaye rais wa Marekani, alisimama mwaka 1783 (kulikanyaga jiwe lenyewe ni marufuku), kisha endelea hadi Camp Hill. Hapo kilikuwepo Storer College, chuo kilichoanzishwa baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kuwasomesha watumwa walioachiwa huru, kikafungwa 1955. Mwaka 1906 msomi Mweusi W.E.B. Du Bois na wenzake wa Niagara Movement, chama cha kudai haki za Weusi, walikutana hapa, wakaenda hadi kwenye banda la Brown, wakati huo likiwa shambani, na walipolikaribia wakavua viatu. Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, naye alisoma hapa. Majengo yamebaki, pametulia, na mara nyingi utakuwa peke yako. Inauma kuona mabasi yanajaza watu mtoni huku uwanja huu ukibaki mtupu.

Kutoka hapo hadi basi la chini ni mteremko wa kama dakika 20. Anza kushuka saa nzima kabla ya basi la mwisho, na kama una njaa kula kwanza, maana migahawa ya High Street mingi hufunga mapema.