Masoja wa geti letu Bamburi: kazi safi, NSSF hewa. Nyota 2

Nyota 2 kati ya 5, na kabla hamjanirukia, hizo mbili ni za masoja wenyewe, ofisi yao sijaipa hata moja. Mie ni mwekahazina wa komiti ya fleti fulani huku Bamburi, Mombasa, mie ndiye natuma pesa ya ulinzi kila mwezi. Jina la kampuni nimeliacha maana bado twavutana nao.

Kazi ya geti haina lawama. Wageni waandikwa, boda wa chakula hapandi juu mpaka mwenye nyumba apigiwe simu, bauza la maji likija saa nane za usiku kuna mtu macho wa kulifungulia, na stima ikipotea jenereta yawashwa hujamaliza kutafuta tochi. Waliokuwepo kabla yao walikuwa wakilala fofofo mpaka watoto wakirudi tuisheni wajifungulia geti wenyewe. Kwa hiyo ukiniuliza huduma tu, tano zote.

Sasa bei. Hawa walitutajia 18,500 kwa kila soja kwa mwezi wakati wengine walikuwa wakisema 25, 27, na hiyo bei ndiyo iliyowapa kontrakti. Haya chukua kalkuleta. Mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida kabisa kwa mji kama Mombasa uliowekwa Novemba 2024 ni 16,113.75, na soja wa usiku kisheria yuko juu ya hapo lakini tumhesabu kama kibarua tu. Ongeza asilimia 15 ya posho ya nyumba, ushafika kama 18,530. Yaani ile 18,500 yetu hata mshahara haijamaliza! Bado NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, upande wa mwajiri asilimia 6 ambayo ni kama 1,112, bado ile tozo ya kujenga nyumba za serikali asilimia 1.5 kama 278, bado bima ya kuumia kazini, yunifomu, na mtu wa kushika zamu siku ya ofu, halafu bosi naye apate faida. Hiyo pesa yatoka wapi jamani?

Jibu nalipata kwa mzee wetu wa usiku. Ni mtu mzima, nywele nyeupe, mimi namwita baba. Mwanangu alikuwa akimsaidia kufungua akaunti yake ya NSSF kwa simu maana alitaka kujua akifika 60 atapata nini, stetimenti ikafunguka na miezi ya kampuni hii yote tupu, hakuna ya mfanyakazi wala ya mwajiri. Nikamwambia baba hebu nione karatasi ya mshahara. Pale kwa karatasi NSSF imekatwa. Mwezi huu imekatwa, mwezi uliopita imekatwa, nyuma huko imekatwa. Sheria yasema mfanyakazi asilimia 6, mwajiri naye 6 kutoka mfukoni mwake, haruhusiwi kuigeuza ikawa ya mfanyakazi, na zote ziwe zishafika NSSF tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hapa ya bosi haikwenda na ya mzee nayo imeliwa. Kwa mshahara kama ule ni kama 2,224 kila mwezi, mwaka mzima ni elfu ishirini na sita na ushee, mtu analinda nyumba zetu usiku kucha na mbu wote hawa wa Bamburi.

Mzee akaniambia, "Mama mie hiyo nshaisamehe, nikilalamika watanipeleka Mariakani huko mbali na watoto." Hapo ndipo nilipopandwa na mori.

Nilimpigia supavaiza. La kwanza, ati wateja wanachelewa kulipa. Mie mwenyewe ndiye natuma, risiti ninazo, sisi hatuchelewi, na hata tungechelewa, ukishamkata mtu kwenye mshahara wake hiyo pesa si yako tena, umeshikishwa tu. Sheria ya ajira ya 2007 yasema wazi kumkata mfanyakazi usipeleke ni kosa la jinai, haisemi ukichelewa kulipwa basi umesamehewa. Na ile sheria ya NSSF ya 2013 inaweka faini ya asilimia 5 kwa kila mwezi unaochelewa, kwa hivyo deni lazidi kukua wakiwa wamenyamaza.

La pili, ati kesi iko kortini bado. Hii wanaipenda sana waajiri! Kweli sheria ile ya 2013 imezungushwa, mahakama ya kazi iliibatilisha Septemba 2022, Mahakama ya Rufaa ikairudisha Februari 2023 makato mapya yakaanza, Februari 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha kesi Rufaa isikizwe tena. Lakini makato hayakusimama. Na tuseme hata yangesimama, kabla ya hapo kulikuwa na 200 ya mfanyakazi na 200 ya mwajiri, hakujawahi kuwa na siku ya bure. Na kama waamini sheria haifanyi kazi, mbona wamkata mzee?

La tatu ndilo lililonikera zaidi, ati masoja wenyewe hawataki, wanataka keshi mkononi. Ni kweli wapo, vijana hasa, watakwambia pesa ya NSSF ni ya wazee na mie nataka kodi ya nyumba leo. Siwalaumu, ukilipwa kiasi kile hata mie ningewaza hivyo. Lakini hiyo si ruhusa ya bosi kuiweka mfukoni, maana keshi yenyewe hawakupewa! Na kuna mtego mwengine hapa watu hawaujui. Mfanyakazi ambaye ni mwanachama wa NSSF hana haki ya yale malipo ya huduma, ile pesa ya miaka aliyofanya kazi, akiacha kazi, sheria hiyohiyo ya 2007 imemtoa. Sasa akitoka bosi atamwambia wewe ni wa NSSF huna cha kudai kwangu, akienda NSSF akute stetimenti nyeupe. Kapigwa mbele kapigwa nyuma.

Niliomba cheti chao cha NSSF, wakaleta kopi. Cheti ni kizuri lakini hakinionyeshi kama huyu soja wangu na yule wa mchana walilipiwa mwezi jana. Nachotaka ni ile ritani ya mwezi, yaani orodha ya michango wanayopeleka NSSF, yenye majina ya masoja wa geti letu, na risiti ya malipo, nilinganishe ndipo nitume pesa. Supavaiza akanuna, akasema mambo ya ndani ya kampuni hayamhusu mteja. Hayanihusu vipi? Pesa ni yangu kaka. (Kuna mpangaji kwenye komiti naye alisema nisiingilie, bei isije ikapanda. Huyo na gari lake la milioni tatu tulimwachia Mungu.)

Mzee ameshapeleka karatasi zake kwa ofisi ya kazi, kwa jina lake, baada ya sisi kumwandikia barua kwamba akihamishwa geti letu kontrakti inakufa siku hiyohiyo. Anayeshika zamu ya mchana amekataa kujiunga naye, nami sikumlazimisha, ana mtoto mchanga.

Kontrakti yetu inaisha mwisho wa mwezi. Kama kuna kampuni inayoshika Bamburi, Kiembeni mpaka Shanzu na inaweza kuleta ritani na risiti kila mwezi bila kununa, acheni namba hapa chini, tumepiga kura twaweza kwenda mpaka 27,000 kwa kila soja. Na huyo mzee aje naye, hilo hatubishani.