GPS ya ndani ya gari hapa Lubumbashi: kabla hujailipia, iulize njia ya Katuba

Jibu langu nalitoa mapema. Kwa gari lililotumika Japani, ambalo ndilo wengi wetu tunanunua hapa Lubumbashi, ramani iliyojengwa ndani ya gari haistahili hata dola moja ya nyongeza. Kwa gari jipya inaweza kustahili, kwa masharti nitakayoyasema mbele. Skrini yenyewe ni jambo lingine, na hiyo mimi naitetea.

Kazi yangu ni kusambaza dawa. Natoka depo yetu mjini naenda kwenye vituo vidogo vya afya vya komini za mji wetu, yaani Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na kule Annexe, pengine hadi Kipushi na Likasi. Katika mzigo huwa kuna insulini, na insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijashuka, joto la hapa mnalijua. Nikizunguka robo saa nikitafuta geti la kituo, barafu ndani ya kisanduku inayeyuka, na kuna mgonjwa wa sukari amekaa kwenye benchi ananingoja. Kwa hiyo ramani kwangu si pambo la gari. Ni kifaa cha kazi, na nilipotafuta gari la pili nilikichunguza kama ninavyochunguza tarehe kwenye boksi la dawa.

Muuzaji alikuwa na RAV4 mbili za umri mmoja. Moja ilikuwa na redio ya kawaida, nyingine ilikuwa na skrini kubwa katikati, na kwa ajili ya skrini hiyo aliongeza dola 500. “Mama, hii motoka iko na GPS ya ndani,” aliniambia. “Hautapotea hata siku moja.” Nikamwomba awashe. Ikatoka ile sauti ya kike ya Kijapani ambayo kila mwenye gari la Japani anaifahamu. Inamwambia dereva kwamba hajachomeka kadi ya ETC, ambayo ni kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Kwenye peaje ya njia ya Kasumbalesa kadi hiyo haina kazi yoyote. Nikamwomba aandike Katuba. Akabonyeza, akabonyeza tena, na herufi zote zilikuwa za Kijapani. Kwenye ramani ilionekana alama ya gari letu peke yake katikati ya rangi moja, bila barabara hata moja kuizunguka.

Ramani ya gari la namna hii imehifadhiwa kwenye diski, kwenye memori ya ndani au kwenye kadi ndogo, na imechorwa kwa ajili ya Japani tu. Mafundi wengine watakuahidi kubadilisha lugha, na kwa baadhi ya vifaa wanaweza. Lakini lugha ni maneno ya kwenye vibonye. Barabara za Katuba haziingii kwa kubadilisha maneno. Zaidi ya hapo, kwenye vifaa vingi ukitoa betri ya gari, au ikiisha moto kabisa, skrini inajifunga kwa kuogopa wizi na kudai kadi yake ya asili au namba ya siri. Mwenye kujua namba hiyo yuko Japani. Hapo unapoteza hata redio. Na redio nayo ina shida yake: FM ya Japani inaanzia 76, na redio nyingi za magari ya zamani zinaishia 90, wakati stesheni zetu zimetandazwa kati ya 87.5 na 108. Utasikia chache za mwanzoni, nyingine hazifiki mpaka fundi akufungie kifaa cha kugeuza masafa.

Kitu kimoja nataka kiwe wazi, kwa sababu nasikia watu wanabishana juu yake kila siku: GPS yenyewe hailipiwi wala haili mega, yaani data ya simu. Satelaiti zinazunguka juu, kama kilomita 20,200 kutoka ardhini, zinatuma ishara. Kipokezi chako kikikamata nne, kinajua mahali ulipo. Simu ya bei ndogo inapokea ishara hizo hizo zinazopokelewa na gari la bei kubwa. Kinachohitaji mega ni kuvuta ramani na habari za msongamano. Ukishahifadhi ramani ya mji ndani ya simu ukiwa nyumbani, unaweza kuzima mega na bado utaona gari lako likitembea kwenye avenyu sahihi.

Nisiionee GPS ya ndani. Ina antena nzuri kuliko ya simu. Zile zilizotengenezwa vizuri husoma pia mzunguko wa magurudumu na kifaa kinachohisi kona, hivyo hata satelaiti zikipotea gari linaendelea kukadiria lilipo. Haipati joto likaizima, kama simu iliyowekwa nyuma ya kioo saa saba mchana. Haikatizwi na mtu anayepiga kuuliza bei ya parasetamoli. Ila fikiria ubora huo ulitengenezwa kwa ajili ya wapi: miji yenye mahandaki marefu na majengo yanayoficha anga. Lubumbashi anga iko wazi. Majengo yetu mengi ni ya chini, na ukitoka mjini unaona cheminée (bomba la moshi) ya kampuni ya madini ya Gécamines na terril yake, kile kilima cha mabaki ya madini, kutoka mbali sana. Satelaiti si tatizo letu. Tatizo letu ni anwani.

Mji wa kati, ule uliopangwa tangu 1910 kwa avenyu zilizonyooka, ramani yoyote inaujua. Ukitafuta Poste, chaussée Laurent-Désiré Kabila au uwanja wa ndege wa Luano, utafika. Toka hapo uingie Kalebuka, Kasungami au upande wa mbali wa Ruashi, mahali ambapo nyumba zimeota kuliko ofisi yoyote inavyoweza kuandika. Jina moja la avenyu utalikuta kwenye komini zaidi ya moja. Namba ya nyumba imepakwa kwa rangi, ikafutika, ikapakwa nyingine. Muuguzi akikuelekeza hasemi namba, anasema, “Ukifika pa kanisa, mama, ingia kushoto, uulize kwa wale wewa wanaosimama pale.” Na wale vijana wa pikipiki wanajua kweli. Ramani iliyofungwa ndani ya gari miaka iliyopita, hata kama ni ya Kongo, haiwezi kuijua njia iliyofunguliwa mwaka jana, wala daraja dogo lililochukuliwa na mvua za mwezi wa kwanza.

Kilichonisaidia mimi ni mahali ambapo muuguzi ananitumia kwa WhatsApp. Anasimama mbele ya geti la kituo, anatuma alama ya alipo, mimi naibonyeza na inafunguka kwenye ramani. Hakuna jina la avenyu, hakuna namba ya nyumba, ni digrii tu: kama 11 na nusu na kidogo kusini, 27 na karibu nusu mashariki. Kila kituo nimekihifadhi kwa jina lake. Dereva wetu mpya, kijana asiyeijua Annexe kabisa, alipeleka chanjo akarudi bila kunipigia hata mara moja. “Yaya, nimefuata tu ile mstari,” aliniambia. Sasa jaribu kuingiza alama ya WhatsApp kwenye GPS ya ndani ya gari la Japani. Hata nyingi za magari mapya haziipokei moja kwa moja. Itabidi uandike tarakimu moja moja kwa kidole, gari limesimama juani.

Ramani ninayoitegemea zaidi inatokana na OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo watu wa kawaida wanaichora na kuirekebisha. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zinaitumia na zinafanya kazi bila intaneti kabisa. Lubumbashi imo vizuri, na hilo lina sababu. Mwaka 2014 MSF (Madaktari Wasio na Mipaka), Msalaba Mwekundu wa Marekani, ule wa Uingereza na HOT, kundi la wachoraji wa OpenStreetMap kwa ajili ya misaada, walianzisha mradi wa Missing Maps, wa kuchora sehemu ambazo hazikuwa kwenye ramani ili wahudumu wa afya wajue mgonjwa anatoka wapi, na mji wetu ulikuwa kati ya ile iliyochorwa mapema. Nikikuta kituo cha afya hakimo, nakiongeza mwenyewe, na baadaye mwingine anakiona. Kwa mtu wa dawa hilo ni jambo kubwa. Ramani ya ndani ya gari ukiikuta na kosa, utakaa na kosa hilo mpaka mwenye kampuni atoe toleo jipya, tena kwa kulipiwa. Google Maps pia naitumia mjini, hasa kuona msongamano wa jioni. Lakini ukiwa umezima mega, msongamano hauonekani, ramani tu ndiyo inabaki.

Simu nayo ina matatizo, nayajua yote. Betri inakwisha. Inachemka. Ukiishika mkononi unaendesha vibaya, na karibu na soko la Kenya ukiibandika kwenye kioo dirisha likiwa wazi, usishangae mkono ukiingia. Ndiyo maana nasema skrini ya kati naitetea: ile inayokubali Apple CarPlay au Android Auto. Simu inalala ndani ya kisanduku cha gari, imechomekwa waya, inachaji, haionekani na mtu wa nje, na ramani inajitokeza kwenye skrini kubwa ikiwa na vituo vyako vyote. Ramani inabaki ya simu, kwa hiyo unaibadilisha unapotaka. Gari likiuzwa, ramani unaondoka nayo.

Nilichukua RAV4 yenye redio ya kawaida. Fundi wa umeme alinifungia skrini ya Kichina, yenye redio inayofika 108 na kamera ya nyuma, na vyote pamoja na kazi yake vilikula dola 210. Nilikaa garajini mpaka mwisho, na nakushauri ukae pia: hakikisha anatumia soketi inayolingana na nyaya za gari lako, asikate nyaya za asili na kuzifunga kwa utepe, na aweke antena ya GPS juu ya dashibodi karibu na kioo, isifichwe nyuma ya chuma. Ikifichwa huko, hata skrini ya dola 1,000 itakuonyesha uko avenyu ya pili.

Kwa safari ndefu sioni sababu ya kulipia chochote. Kwenda Likasi ni kama kilomita 120 za barabara moja, na unachohitaji kujua ni malori ya shaba yamepanga foleni wapi. Hilo madereva wenyewe wanaambiana kwenye simu.

Sasa yale masharti ya gari jipya. Kama wakala anakupa GPS ya ndani, muulize ramani ya Kongo imo au ni ya Afrika ya Kusini peke yake, masasisho ni ya bure kwa miaka mingapi, na yanaingia kwa njia gani: kwa kadi, kwa wifi, au mpaka gari lipelekwe kwao. Muulize kama skrini hiyo inakubali na simu pia. Kama inakubali, ramani yao ikichakaa hujapoteza kitu. Halafu usikubali kuonyeshwa njia ya kwenda Poste, maana hiyo kila mtu anaijua. Keti kwenye kiti cha dereva, injini inawaka, uandike mwenyewe sehemu tatu: avenyu moja ndani kabisa ya Katuba, kituo cha afya kimoja cha Kalebuka, na nyumba ya ndugu yako. Ikizipata zote na njia inayokupa ndiyo ile ungepita mwenyewe, toa dola. Ikikosa moja, mwambie akupunguzie bei yote ya GPS, nawe ununue waya mzuri wa simu.