Tikini badala ya ukoka: uzoefu wangu kwenye mchanga wa Tabora

Niseme mapema: kama unataka uwanja wa kijani mwaka mzima kama wa hoteli, tikini, mmea wa porini unaotambaa na kufunika udongo, itakuudhi. Kama kinachokusumbua ni vumbi na bili ya maji, endelea kusoma.

Tunakaa upande wa Ipuli, hapa Tabora mjini. Udongo wetu ni ule mchanga mwepesi ambao ukiumwagia maji asubuhi, saa sita huoni dalili. Mvua zinaanza Novemba, zikikatika Aprili au mwanzoni mwa Mei ndiyo basi tena mpaka karibu na Novemba nyingine. Kipindi hicho chote ukoka unataka kunyweshwa, na pasipalamu, zile nyasi za kupandwa uwanjani, ndiyo usiseme, bila mpira wa maji kila jioni inageuka rangi ya mkeka. Maji ya Ziwa Victoria yalipoletwa Tabora tulishukuru sana, lakini mita haiulizi unamwagilia nyasi au unapikia. Inahesabu tu.

Tikini, kitaalamu Asystasia gangetica, ni ua la porini la Afrika hii hii. Huota lenyewe kando ya mashamba na kwenye vivuli vya miembe, na wengi wetu tumelipalilia miaka yote tukiliita gugu. Mimi miche yangu niliinunua kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, shilingi 1,000 kwa kiriba. Muuzaji ana maneno matamu na miche ilikuwa na afya, hilo nampa. Ila alinichanganyia: mingine ilipochanua ikatoa maua meupe madogo, mingine maua makubwa zaidi ya zambarau. Nilipomrudia akasema, "Zote tikini, bosi." Kwa jina la spishi hakudanganya, ila ile nyeupe ndiyo ya kwetu, ya zambarau asili yake ni Asia. Niliing'oa ya zambarau. Siyo kwamba ni mbaya, bali nilitaka ya hapa.

Kwa kweli kununua si lazima. Shina lake likigusa udongo wenye unyevu linatoa mizizi kwenye kila kifundo. Mvua zikishakolea, kata vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, fukia vifundo viwili, acha kama futi moja kati ya kipande na kipande, basi. Samadi weka kidogo tu. Ukiishibisha inarefuka na kulala ovyo badala ya kutambaa na kujaza chini. Kabla mvua hazijaisha, sehemu ya mbele ya nyumba mchanga ulikuwa hauonekani tena, na ile mifereji midogo inayochimbwa na maji ya paa ilikuwa imeacha kuchimbika.

Ua lake uliangalie ukiwa umechuchumaa. Petali tano nyeupe, na ile ya chini kabisa ina madoa ya zambarau yaliyopangika utadhani kitambaa kilichotariziwa. Nyuki wanatua juu ya petali hiyo hiyo, wanaingiza kichwa, wanatoka. Sidai kwamba asali ya Tabora inatoka kwenye maua yangu, hiyo ni kazi ya miyombo huko misituni, lakini asubuhi za Februari na Machi uwanja unavuma. Vipepeo nao wanataga kwenye majani, kwa hiyo usishtuke ukiona viwavi na majani yenye matundu. Mimi sipulizi dawa, kwa sababu majani hayo tunakula.

Hilo la kula nilifundishwa na shemeji yangu wa Tanga. Alifika kutusalimia, akasimama mlangoni akasema, "Shemeji, mboga yote hii mnaikanyaga?" Jioni ile ile akachuma machanga, akayachanganya na matembele, na kwa kuwa nazi huku ni bidhaa ya safari, akaunga kwa karanga. Ladha yake ni ya upole, haina uchungu. Sasa mke wangu ndiye anayepunguza uwanja kuliko mimi na fyekeo langu.

Kiangazi ndipo penye ukweli wote. Julai majani yanapungua, Septemba sehemu ya jua kali inabaki vijiti vya kahawia, na mgeni atakuuliza kama umehama. Chini ya mwembe, ambako inatoa maua machache, ndiko inakobaki na ukijani zaidi. Sikuimwagilia zaidi ya maji ya kusuuzia vyombo pale karibu na jiko. Lakini haikufa. Mashina makavu na mizizi vilishika mchanga, upepo wa Agosti ukapita bila kutujazia vumbi kwenye vyombo, na mvua za kwanza zilipogusa chini vikachipua vyenyewe. Ukoka wa jirani, uliokosa maji kipindi hicho hicho, ulikuwa na vipara.

Kasoro nyingine ni tabia yake ya kusambaa. Vitumba vya mbegu vikikauka vinapasuka kwa kishindo kidogo na kurusha mbegu mbali na mmea mama. Ukikaa kimya mchana unavisikia: ta! Mbegu zikifika kwenye bustani ya mchicha umepata kazi. Malaysia mmea huu ni gugu linalosumbua mashamba ya michikichi, kwa hiyo ndugu zangu wa Kigoma mlio na michikichi, nawasihi muuache ubaki uwanjani tu. Mimi nimezungushia matofali, na naufyeka maua yanapoanza kuisha, kabla vitumba havijakomaa. Kuufyeka mfupi kunaondoa pia ile hofu ya nyoka kujificha humo ambayo majirani hawakuacha kunikumbusha.

Tena hauvumilii nyayo kama ukoka. Watoto wakicheza mpira hapo, kesho unakuta matope, hivyo waachie sehemu yao na ujenge njia ya kupita.

Na mbuzi. Mbuzi wanaupenda kuliko kitu chochote. Geti likiachwa wazi kwa muda wa kunywa chai, utakuta mashina matupu. Utachipua tena, lakini kama mtaani kwenu mbuzi wanazurura na huna uzio, anza na uzio kwanza.