Tathmini ya Monument Park, Yankee Stadium: Ukuta wa Namba Zisizovaliwa Tena

Ndani ya uwanja wa Yankee Stadium, nyumbani kwa klabu ya besiboli ya New York Yankees, katika eneo la Bronx jijini New York, ipo bustani ndogo ya mawe na mabamba ya kumbukumbu inayoitwa Monument Park. Imejificha nyuma ya uzio wa katikati ya uwanja, mahali ambapo mtazamaji aliyeketi upande wa mpigaji anaweza kukaa mchana kutwa asijue kwamba ipo. Nimeitembelea mara mbili, mara ya kwanza siku ya mechi na mara ya pili katika ziara ya kuongozwa, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya msomaji anayejiuliza kama inafaa kutenga muda wa kwenda huko, hasa yule ambaye hajawahi kuelewa kwa nini klabu ya besiboli huichukua namba ya jezi, ikaiondoa kabisa katika matumizi, na kuihesabu hatua hiyo kuwa heshima ya juu kabisa kwa mchezaji wake.

Jibu langu ni kwamba inafaa, tena sana, ila kwa sharti kwamba mgeni aje akiwa na habari kidogo kichwani, kwa kuwa mabamba yanaeleza vizuri mtu alifanya nini lakini hayaelezi hata kidogo namba yenyewe ilipitia mikono gani kabla ya kupumzishwa. Kufika si tabu: treni za chini ya ardhi namba 4, B na D zote husimama katika kituo cha 161st Street, na uwanja unauona mara tu unapotoka nje. Siku ya mechi hakuna malipo ya ziada kwa mwenye tiketi, lakini bustani hufungwa dakika 45 kabla ya mrusho wa kwanza wa mechi, kwa hiyo anayetaka kuiona hana budi kuingia milango inapofunguliwa na kwenda moja kwa moja, kabla ya chakula na kabla ya kutafuta kiti. Ziara ya kuongozwa ina utulivu zaidi, nami ndiyo ninayoipendekeza kwa anayependa kusoma, kwa sababu siku ya mechi watu husogea kwa foleni na si rahisi kusimama mbele ya jiwe moja kwa dakika kumi.

Dakika kumi ndizo nilizozitumia mbele ya jiwe la Lou Gehrig, mchezaji wa zamani wa Yankees. Limesimamishwa mwaka 1941, mwaka aliofariki, na maandishi yake yanamtaja kuwa mtu, muungwana na mchezaji mkubwa, ambaye rekodi yake ya kucheza mechi 2,130 mfululizo yapasa kudumu milele. Rekodi hiyo haikudumu milele. Septemba 1995 Cal Ripken wa Baltimore aliipita, na anayelisoma jiwe leo anasoma utabiri uliokwisha kukanushwa na wakati. Kando ya hilo, hata hivyo, kuna jambo ambalo halikupitwa na mtu: namba 4. Yankees walianza kuvaa namba migongoni mwaka 1929, wakizigawa kwa kufuata mpangilio wa wapigaji, hivyo Babe Ruth aliyepiga wa tatu akapewa 3 na Gehrig aliyemfuata akapewa 4. Ilikuwa alama ya nafasi tu, kama namba ya kiti. Miaka kumi baadaye, Gehrig alipolazimika kuacha mchezo kwa ugonjwa unaodhoofisha misuli, ambao Wamarekani wengi hadi leo wanauita kwa jina lake, klabu iliamua kwamba namba ile haitavaliwa na mwingine, naye akawa mchezaji wa kwanza wa besiboli ya ligi kuu kupewa heshima hiyo. Hakuna Yankee aliyeivaa kabla yake, wala hakuna aliyeivaa baada yake. Katika klabu yote, namba hiyo ina mwenyewe mmoja.

Hapo ndipo nilipouelewa uzito wa desturi hii, na ndiyo sababu naithamini bustani kuliko sanamu nyingi nilizowahi kuziona. Jiwe linaigharimu klabu jiwe. Bamba linaigharimu shaba na sherehe ya alasiri moja. Namba iliyostaafishwa inaigharimu kitu ambacho ingekihitaji kila msimu, kila kijana mpya anapoingia katika chumba cha kubadilishia nguo na kuomba jezi, na gharama hiyo inaendelea kulipwa na watu ambao hawakumwona aliyeheshimiwa akicheza. Jiwe la Gehrig limesema uongo bila kukusudia, lakini namba yake imetimiza ahadi.

Linganisha na namba 3 ya Ruth. Mgeni akiliona jina la Ruth na namba yake pamoja hufikiri kwamba viliondoka uwanjani siku moja, kumbe Ruth alipoondoka klabuni, namba yake ilirithiwa na George Selkirk mwaka 1935, ikaendelea kuvaliwa na wengine, na haikustaafishwa hadi Juni 13, 1948, miezi miwili tu kabla ya Ruth kufariki. Aliyekuwa anaivaa wakati huo ni Cliff Mapes, ambaye baada ya kuitoa 3 aliivaa 7, na hiyo 7 nayo ikaja kuwa ya Mickey Mantle na kustaafishwa mwaka 1969. Mtu mmoja, asiye na bamba wala jiwe, alizibeba mgongoni namba mbili ambazo leo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Naona ni hasara kwamba bustani haina hata mstari mmoja unaolieleza hilo.

Namba 8 ndiyo niipendayo kupita zote. Imestaafishwa mara moja kwa ajili ya watu wawili, Bill Dickey na Yogi Berra, wote wadakaji, wote wakiwa wamechuchumaa nyuma ya mpigaji kwa miaka mingi katika klabu hiyo hiyo. Dickey ndiye aliyemfundisha Berra kazi ya kudaka, na mwaka 1972 klabu iliwaheshimu pamoja badala ya kulazimisha uchaguzi usiowezekana. Simama mbele ya majina hayo mawili na utaona namba moja ikiwa imetoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, kisha ikakaa kimya kwa ajili ya wote wawili.

Namba 42 nayo ina wenyewe wawili, lakini kwa njia nyingine kabisa. Aprili 15, 1997, ikiwa ni miaka 50 kamili tangu Jackie Robinson aingie uwanjani kwa jezi ya Brooklyn Dodgers na kuvunja ukuta uliowazuia wachezaji weusi kucheza katika ligi kuu, ligi nzima iliistaafisha namba yake, jambo ambalo halijafanywa kwa mchezaji mwingine yeyote wa besiboli. Waliokuwa tayari wanaivaa waliruhusiwa kuendelea nayo mpaka wamalize, na wa mwisho wao alikuwa Mariano Rivera, mrushaji wa Yankees kutoka Panama, aliyeibeba hadi mwaka 2013. Bustani inamkumbuka Rivera na inamkumbuka pia Robinson, ambaye hakuwahi kuichezea Yankees, na hilo nalisifu kwa moyo wote. Lakini msomaji makini asiishie hapo. Aitafute namba 32 ya Elston Howard, mchezaji mweusi wa kwanza wa Yankees, kisha ahesabu miaka: Robinson alianza 1947, Howard 1955. Klabu iliyokuwa ikishinda karibu kila mwaka ilichukua miaka minane kufungua mlango wake.

Mbali na wanamichezo, lipo bamba la Nelson Mandela, aliyezungumza katika uwanja wa zamani wa Yankee Stadium mwezi Juni 1990, miezi michache baada ya kutoka gerezani. Liliwekwa Aprili 2014. Nililikuta bila kulitarajia, nikalisoma mara tatu.

Sasa kasoro. Zaidi ya namba 20 zimestaafishwa na klabu hii, nyingi kuliko klabu nyingine yoyote ya besiboli ya Marekani, na sioni kwamba zote zina uzito mmoja. Namba 1 ya Billy Martin naiona kuwa imetolewa kwa mapenzi zaidi ya kipimo. Alikuwa mchezaji jasiri na kocha mwerevu, aliyeajiriwa na kufukuzwa na mmiliki yule yule mara kadhaa, lakini kuiweka karibu na 3 na 4 ni kuipunguza thamani desturi yenyewe. Katika mawe makubwa, ambayo yamewekwa kwa watu sita tu, Miller Huggins, Gehrig, Ruth, Mantle, Joe DiMaggio na George Steinbrenner, jiwe la mwisho, la mtu aliyeimiliki klabu, ndilo kubwa kuliko yote. Macho ya mgeni hulifikia kwanza, na hilo si haki kwa Gehrig wala kwa Ruth.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba uamuzi wote hutoka ofisini. Namba 21 ya Paul O'Neill ilistaafishwa rasmi Agosti 2022, miaka zaidi ya 20 baada ya yeye kuacha kucheza, lakini mashabiki walikuwa wameistaafisha zamani. Mwaka 2008 mrushaji LaTroy Hawkins alijiunga na klabu akaichagua 21 ili kumuenzi Roberto Clemente wa Pittsburgh, na watazamaji wakamzomea kila alipoingia, mpaka akaibadilisha na kuvaa 22. Simulizi hiyo inaniuma, kwa kuwa Hawkins naye alikuwa anatoa heshima, tena kwa mtu aliyekufa katika ajali ya ndege akipeleka misaada kwa waathiriwa wa tetemeko la ardhi huko Nicaragua. Heshima mbili ziligongana katika namba moja, na bamba la O'Neill halina nafasi ya kusema hivyo.

Tiketi ya ziara inakuingiza pia katika jumba dogo la makumbusho lililomo humo humo uwanjani, na usiliache. Limejaa mipira iliyotiwa saini, na kuna sanamu mbili za Don Larsen na Yogi Berra, mmoja akirusha na mwingine akisubiri kudaka, kwa kumbukumbu ya mechi moja ya mfululizo wa fainali za mwaka 1956, ambayo Larsen aliimaliza bila kumruhusu mpigaji hata mmoja kufika kituo cha kwanza, yaani alama ya kwanza ambayo mpigaji huikimbilia.

Neno moja kuhusu ununuzi, kwa kuwa wageni wengi hutaka kuondoka na jezi. Duka moja la mitaani, ambalo sitalitaja, liliniuzia jezi nyeupe yenye mistari, namba 4 mgongoni, na juu ya namba jina la Gehrig kwa herufi kubwa za buluu. Niliivaa kwa fahari hadi shabiki mmoja mzee aliyeketi jirani yangu aliponiambia kwa upole kwamba Yankees hawajawahi kuandika majina katika jezi zao nyeupe zenye mistari. Nilirudi nyumbani nikaikagua: herufi zilikuwa zimebandikwa kwa gundi, mbili zimeanza kubanduka pembeni, na mistari ya kitambaa haikukutana kwenye mshono wa bega. Hasara ya fedha niliisahau haraka. Kilichobaki ni funzo alilonipa yule mzee, kwamba katika klabu hii namba haina jina la kuisaidia, na kwa hiyo anayeivaa lazima aifanye ijulikane mwenyewe. Anayenunua jezi aiangalie migongo ya wachezaji kwanza, ndipo atoe fedha.

Baada ya bustani kufungwa, nenda kaketi mahali unapoweza kuwaona wachezaji wa nyumbani kwa nyuma, na uzisome namba zao. Nilifanya hivyo kwa mechi nzima. Namba 2 ya Derek Jeter, aliyecheza mara ya mwisho mwaka 2014, ilistaafishwa Mei 2017, na kwa hatua hiyo namba zote kuanzia 1 hadi 9 zikawa zimekwisha, zikabaki sifuri, ambayo Adam Ottavino aliivaa mwaka 2019 akiwa Yankee wa kwanza kufanya hivyo, na zile kubwa kubwa, kama 99 ya Aaron Judge. Kijana aliyeketi mbele yangu pamoja na baba yake alikuwa na kijitabu cha kuandikia matokeo, na kila mchezaji wa nyumbani alipotoka kwenda kupiga aliandika namba yake kwa penseli. Pale penye safu ya kupiga, palipoanzia zamani kwa 1, 2, 3, 4, hakuandika hata namba moja kati ya hizo.