Kitufe cha kuwasha: tukiachie logind au programu yetu?

Kwenye kifaa cha mkononi kinachotumia Linux yenye systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo), njia nyepesi ni kuiachia kitufe logind, huduma ya systemd inayoshughulikia pia vitufe vya kuwasha na kuzima. Unafungua faili lake la mipangilio, logind.conf, unaandika HandlePowerKey=suspend (mbonyezo ulaze kifaa), basi. Usipoigusa, kwa kawaida mbonyezo mmoja huzima kifaa kabisa, jambo linaloudhi sana kwa kitu kinachokaa mfukoni. Tangu toleo la 250 la systemd kuna pia HandlePowerKeyLongPress, kwa mbonyezo unaozidi sekunde 5.

Njia ya pili ni programu yako isome tukio la KEY_POWER (ishara ya kitufe hicho) moja kwa moja kutoka /dev/input, mahali Linux inapotoa ishara za vitufe. Hapo uhuru ni mkubwa: mbonyezo mfupi uzime skrini, miwili ifungue kamera, mrefu ulete menyu. Lakini sharti logind ikae kando, la sivyo zote mbili zitaitikia mbonyezo uleule. Wengi huandika HandlePowerKey=ignore, yaani logind ikipuuze kitufe. Mimi nashauri kizuizi (inhibitor) cha handle-power-key, ambacho programu hukishikilia ili logind isikiguse kitufe, kwa sababu programu ikianguka, kizuizi huondoka nayo na logind hukishika kitufe tena. Kwa ignore, programu ikifa, mtumiaji anabaki na kitufe kisichoitikia chochote, na skrini nyeusi.