Trezor Safe 3: inakukinga na nani, na nani haimzuii

Trezor Safe 3 ni pochi ya bitcoin: kidude chepesi chenye vitufe viwili na kioo kidogo cha rangi moja, kazi ya kampuni ya SatoshiLabs ya Prague. Kilitoka Oktoba 2023 kwa dola 79. Hakina betri wala Bluetooth, na bitcoin hazikai ndani yake. Kinachokaa humo ni ufunguo wa siri wa kuidhinishia malipo, na kazi yake yote ni kuuzuia ufunguo huo usifike kwenye kompyuta au simu yako.

Thamani ya kushika ufunguo mwenyewe ilionekana Kanada Februari 2022, kabla kifaa hiki hakijatoka, serikali ilipotangaza hali ya dharura kwa sababu ya maandamano ya madereva wa malori Ottawa. Benki zilifunga akaunti bila amri ya mahakama. Polisi nao waliyapelekea masoko ya kubadilisha sarafu orodha ya anwani za bitcoin zisizotakiwa kuhudumiwa. Aliyekuwa na ufunguo wake mwenyewe hakufungiwa, maana hapakuwa na karani wa kuamriwa. Lakini akitaka dola zake za kununulia mkate, dirisha la kubadilishia lilikuwa limefungwa. Hapo ndipo uhuru wa kifaa hiki unapokomea, na wanaokiuza huwa hawalisemi hili kwa sauti.

Kinunue kwenye duka la Trezor lenyewe au kwa wakala aliyeorodheshwa kwenye tovuti yao. Kiwe kipya au kimetumika, usikinunue mkononi kwa mtu. Mwaka 2023 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walichambua Trezor Model T (toleo jingine) bandia: badala ya kutunga upya maneno ya siri, yaani orodha ya maneno ya kurudishia ufunguo kifaa kikipotea, ilichagua seti moja kati ya 20 zilizoandaliwa na mwizi, na nenosiri la ziada, lile la hiari linaloongezwa juu ya maneno, ilisoma herufi ya kwanza tu. Mmiliki angeweza kuweka nenosiri refu na asipate kinga ya maana. Machi 2025 maabara ya Ledger, ambao ni washindani wa Trezor, nayo ilionyesha kuwa chipu kuu ya Safe 3 inaweza kuchezewa na mtu aliyeishika mkononi kabla yako, ingawa chipu ya pili ya usalama inalinda PIN. Kwa hiyo angalia lakiri inayong'aa kwenye tundu la USB. Kifaa kipya hakitakiwi kuja na programu yake ya ndani. Trezor Suite, programu yao ya kuendeshea kifaa, ndiyo huiweka mara ya kwanza na kukagua uhalisi. Ukikuta tayari kina programu, au kuna karatasi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, kirudishe.

Sehemu inayohitaji utulivu ni nakala ya akiba, yaani hayo maneno ya siri. Suite sasa inapendekeza maneno 20 ya mfumo wa SLIP39. Uzuri wake ni kwamba baadaye unaweza kuyagawa, kwa mfano vipande vitatu ambavyo viwili vinatosha kurudisha kila kitu. Ubaya ni kwamba pochi nyingi haziyasomi. Electrum ni kati ya chache zinazoyakubali. Kama unataka nakala inayofunguka karibu popote, chagua maneno 12 ya BIP39 palepale unapoanza, kwa sababu baadaye itabidi utengeneze pochi mpya na kuhamisha pesa kwa ada. Andika kwa kalamu, usipige picha. Kisha tumia kipengele cha kukagua nakala kabla ya kutuma kiasi kikubwa. Kuingiza maneno kwa vitufe viwili kunachosha kweli, herufi kwa herufi, lakini kosa la neno moja ni afadhali uligundue pochi ikiwa na elfu kumi kuliko ikiwa na milioni kumi.

PIN ikikosewa mara nyingi mno kifaa hujifuta. Hilo si hasara ukiwa na maneno. Nenosiri la ziada ni habari nyingine: kila unachoandika hufungua pochi tofauti, hata ukikosea herufi moja, na hakuna ujumbe wa kukuambia umekosea. Utaona salio sifuri na moyo utashtuka.

Wanaonunua kidogo kidogo wapige hesabu. Kifaa hakitumii Lightning, mtandao wa malipo madogo ya bitcoin, na kila kipande cha bitcoin unachopokea huchukua takriban baiti pepe 68 (kipimo cha ukubwa wa muamala) siku ya kukitumia. Ada ikiwa satoshi 50 kwa baiti (satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya bitcoin), kipande kimoja kinakula 3,400. Ukituma satoshi 5,000 kila wiki, unajaza kifaa makombo. Zikusanye kwanza kwenye pochi ya simu, kisha uhamishe mara moja siku ambayo ada ziko chini.

Faragha hakiuzi. Soko ulikonunulia bitcoin lina kitambulisho chako, miamala yote iko wazi, na Suite kwa kawaida huuliza salio lako kupitia seva za Trezor. Washa Tor, mtandao unaoficha unakotokea, au uielekeze kwenye seva yako ya Electrum. Sheria nayo haizuiwi na chipu. Uingereza, chini ya sheria ya RIPA ya mwaka 2000, kukataa kutoa ufunguo kunaweza kukupeleka jela miaka miwili. Tanzania, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kisichotambulika kama pesa kinatambulika vizuri tu kinapotozwa.

Mwenye iPhone pekee asikinunue: hataweza kutuma bitcoin kwa simu hiyo, wakati mwenye Android atatuma kwa waya. Kwa anayeweka akiba ya miaka na ana kompyuta, chukua toleo la bitcoin pekee. Programu yake ni fupi zaidi.